Unagi Unakula, Lakini Kambare Unamwita Nyoka?

Wacha niseme hii kitu nikiwa na akili zangu timamu. Mtu anayekunja pua akiona kambare sokoni, halafu wikendi anaposti sushi ya unagi akijiita mjuzi wa chakula, huyo hana ulimi wa kuonja. Ana njaa ya kiki.

Kwani unagi ni nini? Ni mkunga. Si mkunga wa kuzalisha akina mama, nasema yule samaki mrefu anayeteleza kama sabuni ndani ya karai. Hebu mweke kando ya kambare kisha uniambie nani anafanana na nyoka. Kambare angalau ana masharubu, mzee wa watu. Lakini mmoja anaitwa chakula cha kishamba, na mwingine kwa sababu jina lake ni la Kijapani anapigwa picha kabla ya kuliwa.

Kama dini yako inakukataza samaki asiye na magamba, hiyo naiheshimu na hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na wale ambao dini yao ni lebo ya bei.

Sasa kuna hii fasheni ya kutaka kuandaa mkunga wa sushi nyumbani. Hapo lazima tuongee.

Kwanza, damu ya mkunga ina sumu. Ikikuruka machoni inawasha vibaya sana. Joto la kupika ndilo linaivunja hiyo sumu, ndiyo maana mkunga kwenye sushi huwa ameiva. Kwa hivyo ile imani ya mtaani kwamba sushi ni samaki mbichi, itupe leo. Sushi ni habari ya wali uliotiwa siki, na kinachokaa juu kinaweza kuwa kimepikwa, hata kikawa yai.

Pili, Wajapani wenyewe hawachukulii hii kazi kama mchezo. Wana msemo kwamba kumtunga mkunga kwenye vijiti unajifunza miaka 3, kumpasua miaka 8, na kumchoma ni maisha yako yote. Tokyo humpasua mgongoni, wakampika kwa mvuke, kisha wakamchoma. Osaka humpasua tumboni na kumchoma moja kwa moja, bila mvuke. Miji miwili, nchi moja, na bado hawajakubaliana. Halafu wewe na kisu chako cha kukatia sukuma unataka kumaliza hiyo shughuli kwa video ya dakika moja?

Tatu, na hii ndiyo inaniuma: hao mikunga wanaisha. Mkunga wa Japani huzaliwa baharini, mbali huko magharibi ya visiwa vya Mariana. Anabebwa na mikondo akiwa mtoto mwembamba kama uzi, anaonekana kama kioo, anaingia mitoni na kukaa miaka mingi. Akikomaa anarudi baharini, anazaa mara moja tu, anakufa. Unaposikia "unagi wa kufugwa" usidhani alizaliwa bwawani. Mashamba huchukua wale watoto wa kioo waliovuliwa baharini na mitoni, kisha wanawanenepesha. Mwaka 2014 shirika la IUCN lilimweka mkunga wa Japani kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Yule wa Ulaya ana hali mbaya zaidi, na tangu 2010 Umoja wa Ulaya ulizuia kumuuza nje. Hata hivyo magendo yanaendelea, watoto wa samaki wakifichwa kwenye masanduku ya safari.

Na usiniambie basi utavua wetu. Ndiyo, Tana na Athi zina mikunga, na safari yao ni ile ile: kutoka mtoni hadi Bahari ya Hindi kuzaa. Waache wapite.

Sasa sikia mambo. Huko huko Japani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kindai walipoona unagi anakuwa adimu na bei inapanda, walifuga samaki mwingine na kumlisha chakula maalum ili ladha yake ikaribie ya unagi. Samaki gani? Wa jamii ya kambare! Yule yule unayemkimbia sokoni. Wenye chakula chao wamegeukia kambare, na wewe wa Nairobi unaona haya kwa niaba yao?

Kwa hivyo, nyumbani fanya hivi. Nunua kambare, mwambie muuzaji amtoe mifupa. Msugue kwa chumvi na ndimu utelezi uishe. Mpike kwa mvuke dakika chache kama watu wa Tokyo. Chemsha mchuzi wa soya, sukari, tangawizi na maji kidogo mpaka uwe mzito. Kisha washa jiko la makaa, ndiyo, hilo hilo unaloficha wageni wakija, kwa sababu mkunga wa heshima huko Japani huchomwa kwa makaa. Mchome, mpake mchuzi, mgeuze, mpake tena, mpaka ang'ae na aive kabisa hadi ndani. Samaki wa maji baridi hatuli mbichi, hata siku moja.

Na pishori usiilazimishe kuwa sushi. Haishikani. Weka wali kwenye bakuli, samaki juu, mchuzi kidogo. Wajapani wanakula unagi hivyo hivyo juu ya wali, na hakuna anayelia.

Najua mtasema ladha si moja. Kweli, si moja. Unagi ana mafuta zaidi. Lakini wengi wetu tukisema tunapenda unagi, tunachopenda ni ule mchuzi mtamu na harufu ya moshi. Hivyo viwili unavipata mtaani kwako, bila kumaliza samaki wa watu, na pesa inabaki ya kodi.

Mama wa samaki pale sokoni amekuwa akikuuzia chakula cha maana miaka yote. Kesho mpitie. Na ukiposti bakuli lako, andika jina lake halisi: kambare.