Mbwa wa nyumbani akifa, chukueni aliyeokolewa

Familia iliyompoteza mbwa wake mpendwa mara nyingi hukimbilia kununua mbwa mchanga wa aina ileile, kana kwamba ndiye yule aliyerudi. Naona ni heri kwenda kwenye makao kama ya shirika la KSPCA jijini Nairobi na kuchukua mbwa mzima aliyeokolewa. Sababu si huruma peke yake. Virusi vya parvo, vinavyoua mbwa wachanga kwa kutapika na kuhara damu, hukaa udongoni miezi mingi. Ikiwa aliyekufa aliugua parvo, mbwa mchanga asiyemaliza chanjo akiletwa kwenye ua ule ule, huenda nyumba ikalia tena. Mbwa mzima aliyechanjwa hatari yake ni ndogo zaidi, na tabia yake imeshaonekana.

Wapo wanaohofia kichaa cha mbwa. Hofu hiyo ina msingi, kwani dalili zikishatokea ugonjwa huo huua karibu kila mara. Lakini kinga yake ni chanjo, si nasaba ya mbwa. Wengine huona ni kumsaliti aliyekufa. Basi wasubiri, majonzi hayana ratiba. Wakiwa tayari, wampe mgeni kona tulivu, bakuli lake na wiki kadhaa za kuzoea, wala wasimwite kwa jina la aliyetangulia.