Pesa ya MUSO na kodi ya banki

Tukitoa franka 500 000 kwenye konti ya MUSO, konti hupungua kupita pesa tuliyopokea mkononi. Hapo wengine huanza kumtazama mwekahazina kwa jicho baya. Kabla ya kugombana, tufanye hesabu.

Kwetu Kongo, banki ikikata ada ya kutoa pesa, Serikali huongeza TVA ya 16% juu ya ada hiyo. Ada ikiwa franka 2 000, TVA ni 320. Jumla 2 320. Zile 500 000 zenyewe TVA haizigusi.

Kwa jirani zetu wa Uganda ni tofauti. Tangu mwisho wa 2018, anayetoa pesa kwenye simu hulipa kodi ya 0,5% ya pesa yenyewe, mbali na ada ya kampuni. Akitoa shilingi 200 000, kodi ni 1 000. Wenye kufanya biashara kule waihesabu mapema.

Basi tupange kutoa mara moja, si mara tano, kama ada hukatwa kila mara. Tuombe bodero, tuisome mbele ya kikundi, tuandike katika daftari: pesa, ada, TVA. Hivyo mwekahazina wetu atalala usingizi.