Mchwa hangoji likizo

Likizo iliyopita nilikuwa Ikutha, Kitui Kusini. Mjomba alivuta bahasha kutoka chini ya kitanda akaniambia, "Mpwa wangu, nisomee hii." Ilikuwa barua ya mgao wa shamba la marehemu babu. Mchwa walikuwa wametangulia kuisoma: kona nzima, pamoja na namba ya ploti, ilikuwa imeliwa.

"Si neno," akasema, "binti yangu aliipiga picha." Tukaitafuta katika simu. Picha ilikuwa imetumwa kwa WhatsApp toka mkono hadi mkono, na namba ilikuwa ukungu mtupu. Ni 3 au 8? Hapakuwa na wa kutujibu.

Msomaji mpenzi, kosa hili liko katika nyumba nyingi. Picha ya simu aghalabu huwa ni faili ya JPEG. Ili faili iwe ndogo, JPEG hutupa baadhi ya yale ambayo jicho halitambui upesi. Kwa picha ya arusi haidhuru. Kwa herufi na tarakimu, hasara huonekana. Kuinakili tu hakuiharibu, lakini kila ikihaririwa na kuhifadhiwa upya hupoteza zaidi. WhatsApp nayo huipunguza inapotumwa kama picha. Kwa hivyo itume kama hati.

PNG haitupi kitu. PDF, iliyoanza mwaka wa 1993, huweka kurasa nyingi kwa mpangilio katika faili moja. Ndugu yake, PDF/A, iliidhinishwa mwaka wa 2005 mahsusi kwa kuhifadhi hati miaka mingi, kwani hubeba ndani yake kila kitu inachohitaji ili isomeke. Lakini tahadhari: kutia picha yenye ukungu ndani ya PDF ni kumvisha mgonjwa suti.

Basi, ukienda saiba, omba hati iskaniwe kwa rangi ili mhuri uonekane, nukta 300 kwa inchi, na iwe PDF/A ikiwezekana. Weka nakala mahali pawili, kisha hakikisha ya saiba imefutwa. Hati asili itie katika mkebe wenye kifuniko, kwa maana nakala haichukui nafasi yake.

Hatimiliki ya mjomba tuliiwahi siku hiyo hiyo. Ile namba ya barua bado tunaiulizia kwa wazee, nao wanazidi kupungua. Je, wewe bahasha yako iko wapi?