Siku 21 za Mdaiwa

Na Athumani Mwinyihaji

Katika mtaa huu wa Kilimani, ambamo maghorofa ya kupangisha yameota pande zote za barabara ya Argwings Kodhek hata kufika Yaya, hapana kauli inayomfadhaisha kijana wa mshahara wa wastani kama kuambiwa na karani wa benki kwamba jina lake liko CRB, yaani katika daftari la mashirika yanayotunza kumbukumbu za mikopo. Na mara nyingine deni lenyewe, likichunguzwa, huonekana ni mkopo wa simu aliokwisha kuulipa zamani, ila mkopeshaji, aliyekuwa mwepesi wa kupeleka habari ya deni, hakuona haja ya kupeleka habari ya malipo.

Mashirika yaliyopewa leseni na Benki Kuu kwa kazi hii, nayo ni TransUnion, Metropol na Creditinfo, hayakopeshi wala hayadai. Huandika daftarini yale yanayoletewa na mabenki na wakopeshaji wengineo, kisha huwapa wenye kuuliza. Kwa hiyo mdaiwa anapokwenda kulalamika huanza safari ya mzunguko: shirika humwambia arudi kwa mkopeshaji, naye mkopeshaji huapa kwamba kwake mambo yako sawa, taksiri iko kwa shirika. Mimi nasema mzunguko huo ndio dhuluma yenyewe, na sheria haikuuhalalisha hata kidogo.

Kwa mujibu wa kanuni za CRB, mteja akiipinga habari iliyoandikwa juu yake, shirika lalazimika kuichunguza pamoja na yule aliyeileta, na siku 21 zikipita uchunguzi haujakamilika, habari ile yapaswa kufutwa. Itazame insafu ya hukumu hiyo: mzigo wa ithibati haukutwikwa anayetuhumiwa, bali anayetuhumu, naye amewekewa muhula. Walakini muhula hauhesabiki kwa maneno yaliyosemwa kwenye simu kwa kijana wa huduma kwa wateja, ambaye kesho hatakuwapo zamu. Pinga kwa maandishi, ambatisha risiti au taarifa ya M-Pesa, na udai jibu lenye tarehe. Pasipo tarehe, hizo siku 21 utazihesabu tangu lini?

Haki nyingine zipo, na wengi hawazijui. Mkopeshaji hana ruhusa ya kupeleka habari mbaya juu yako kabla ya kukuarifu siku 30 mbele, ijapokuwa arifa hiyo mara nyingi huja kwa ujumbe wa simu uliobanana na matangazo ya kamari. Ripoti yako mwenyewe waweza kuipata bure mara moja kwa mwaka. Na tangu Aprili 2020 mtu haorodheshwi kwa deni lisilotimia shilingi 1,000, fedha ambazo katika baadhi ya mikahawa ya mtaa huu hazitoshi chakula cha mchana cha watu wawili. Mwezi huo huo Benki Kuu iliwafungia mlango wa mashirika haya wakopeshaji wa mitandaoni wasiosimamiwa na mtu, na ilikuwa imechelewa.

Tusidanganyane, hata hivyo. Habari iliyo kweli haifutwi kwa malalamiko. Aliyechelewesha deni kisha akalilipa atakuwa na alama hiyo katika historia yake kwa miaka mitano, na wale wanaoahidi mitandaoni kukusafishia jina kwa ada ni walaghai, basi. Bali aliyesingiziwa, shirika likimpuuza, anayo milango miwili mingine: Benki Kuu, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliyoko Upper Hill, ambayo kwa sheria ya mwaka 2019 inapaswa kumaliza uchunguzi wa malalamiko katika siku 90. Nyuma ya hayo yote ipo ibara ya 35 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari ya uongo au ya kupotosha inayomhusu.

Ninalolidai kwa Benki Kuu si kanuni mpya. Nadai kwamba kila pingamizi lipewe nambari na tarehe saa ile ile lipokelewapo, mteja aone kwenye simu yake siku zilizosalia, na siku ya 22 karani afute bila ya kungoja kuombwa mara ya pili.