Kuuliza Njia si Aibu

Katika ukurasa huu tumezoea kuwausia vijana wenu. Mwezi huu twataka kujisuta wenyewe, maana mwalimu naye huwa mwanafunzi akitoka nje ya chuo chake.

Jirani yetu mmoja hapa Tabora alifiwa na baba yake, na mirathi ikagawanywa. Fungu moja lilikuwa la dada yake, aliyeolewa Bujumbura, nchi ya Burundi, katika mtaa wa Buyenzi. Tukaombwa tulipeleke. Tulipanda gari la moshi mpaka Kigoma, kisha basi likatuvusha mpakani Manyovu, tukafuata ufuko wa Ziwa Tanganyika hata tukaingia mjini usiku. Tulilala katika nyumba ya wageni upande wa kusini. Basi la kuturudisha lilikuwa la alfajiri ya pili yake. Basi tulikuwa na siku moja tu ya kuifikisha amana.

Asubuhi tulisimama kando ya barabara, upande wa kushoto, kama tusimamavyo Tabora. Basi dogo likaja, tukapanda. Utingo, kijana wa miaka ishirini hivi, alitusemesha Kirundi, kisha Kiswahili: "Mzee, wakwenda wapi?" Tuliona haya kuonekana wageni, na umri wetu huu na kofia yetu. Tukamjibu kwamba twapajua. Neno hilo lilikuwa uwongo, na malipo yake hayakuchelewa.

Tulikaa dirishani tukingoja kuyaona maduka ya katikati ya mji. Badala ya kuzidi, majengo yakapungua, na abiria wakashuka mmoja mmoja hata tukabaki peke yetu. Kumbe tumefika Kanyosha, mwisho wa safari, tumeupa mji kisogo. Kule Burundi magari hushika upande wa kulia. Nasi tulikuwa tumesimama upande wa kwenda kusini.

Yule kijana hakutucheka. Alikisoma kikaratasi chetu, akatupeleka mwenyewe penye foleni ya kurudi mjini. Lakini siku zile petroli ilikuwa adimu na mabasi machache. Adhuhuri ilitukuta tungali tumesimama, mkono juu ya mfuko wenye haki ya watu.

Hapo ndipo tulipowakumbuka wazee wetu wa Unyanyembe. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na bidhaa baina ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Na kwa njia hiyo hiyo watumwa walipelekwa pwani, jambo lisilofaa kufichwa watoto wetu. Burton na Speke walitoka Unguja mwezi wa Juni 1857, wasifike Ujiji ila Februari 1858. Katika safari ndefu namna hiyo, msafara ulikuwa na kirangozi wake, mjuzi wa njia, aliyetangulia mbele ya mizigo. Watu wenye nguvu na uzoefu hawakuona haya kumfuata ajuaye. Sisi tuliona haya kumjibu kijana swali moja.

Basi lilipopatikana tulisema wazi: "Sisi ni wageni, twataka Buyenzi." Tangu hapo tulikwenda mkono kwa mkono. Utingo wa pili alitukabidhi kwa mama mmoja aliyekuwa akienda huko huko, naye hakutuacha mpaka tulipofika. Buyenzi njia zake huitwa kwa nambari, na Kiswahili, lugha iliyosafiri na misafara na vyombo vya ziwani, kimejaa vibarazani. Tuliuliza mara tatu, na mara tatu tulijibiwa kwa upole. Alasiri tukabisha hodi.

Yule dada hakuuliza kwanza habari ya fedha. Aliuliza baba alizikwa wapi, na kama mwembe wa uani ungalipo. Tukamwambia ungalipo, akalia. Kisha fungu lake likahesabiwa mbele ya mashahidi wawili, na kifua chetu kikawa chepesi.

Enyi wazazi, kijana wenu akisafiri, mwandikieni mahali aendako, na mfundisheni kusema "sijui" bila kuinamisha kichwa. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Laiti jua lingalituwahi, tungalirudi Tabora na mali ya mwenzetu, tukasema kwamba hatukuipata nyumba. Wala tusingalisema kwamba ni kiburi chetu kilichotupoteza.

Nanyi mkaao Tabora, mkimwona mtu stesheni amesimama na kikaratasi mkononi, akitazama huku na huku, msingoje akuulizeni. Huenda naye anaona haya. Mtangulieni ninyi: "Ndugu, wakwenda wapi?"