Mti wa mathenge watafuna malisho ya Isiolo

Mfugaji wa Merti au Garbatulla anapoukata mti wa mathenge kwa panga, kisiki huchipuka upya, na palipokuwa na shina moja hutokea machipukizi mengi yenye miiba.

Itakumbukwa kwamba mti huu, ambao asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, haukuingia nchini kwa kunyemelea. Ulipandwa Bamburi, Mombasa, mnamo 1973 ili kurejesha uoto katika machimbo. Katika miaka ya 1980 ukasambazwa Baringo, Turkana na Tana River, ukisifiwa kuwa ungezuia jangwa na kuwapa wananchi kuni. Ahadi hizo ulizitimiza, jambo linalofanya kuulaumu kuwe kazi ngumu.

Hakuna aliyeuliza ungekomea wapi. Maganda yake ni matamu. Mbuzi huyala, mbegu ngumu zikapita tumboni bila kusagika na kuangushwa pamoja na kinyesi, tayari kuota, mbali na mti mama. Isiolo, ambayo ni njia panda ya biashara ya mifugo kati ya kaskazini na Nairobi, isingeweza kuepuka. Mafuriko ya Ewaso Nyiro nayo huzisomba mbegu kuelekea kinamasi cha Lorian.

Ukame huzidisha balaa. Mvua ilipokosekana misimu 5 mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, nani angemkataza mbuzi mwenye njaa kula maganda hayo?

Kingo za mto ndizo akiba ya kiangazi, ambayo wazee wa dedha, baraza la Waborana la kusimamia malisho, huihifadhi kwa siku za dhiki. Mzee wa dedha aweza kumzuia mchungaji, mbegu haimsikii.

Mnamo 2006 wakazi wa Baringo walimfikisha mbuzi kibogoyo mahakamani jijini Nairobi, wakidai utamu wa mathenge ulimwozesha meno. Serikali ilitangaza mti huo kuwa gugu hatari mwaka wa 2008. Hata hivyo, sheria ya magugu humtwika mwenye ardhi jukumu la kuyaangamiza, na sehemu kubwa ya Isiolo ni ardhi ya jamii. Ni nani basi atakayeshtakiwa?

Kwa maoni yetu, gharama ni ya serikali kuu na ya kaunti, kwani wafugaji hawakuuomba mti huu. Uchomaji makaa unaopendekezwa kila mara utafaa iwapo tu visiki vitang'olewa na mizizi yake. Anayekata matawi pekee anaupogoa.