Mishumaa ya Giza na Mtaro wa Maji



Wapendwa wanaparokia, Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alinijia sakristia akiwa na furushi la mishumaa, akaomba niibariki. Nilipomuuliza ni ya nini, alijibu bila kusita: "Ni ya siku tatu za giza, Baba." Alikuwa ametumiwa sauti katika simu, ikisema kwamba giza hilo limekaribia, na kwamba hakuna taa itakayowaka isipokuwa mishumaa iliyobarikiwa. Nikamuuliza tena: "Na ule ukingo uliochimbwa nyuma ya nyumba yako, mama, mtaro wake umezibuliwa?" Akacheka. Mtaro haujaguswa tangu masika yaliyopita.

Simlaumu mama huyu. Nawalaumu wanaomtisha, na najilaumu mimi niliyekaa kimya, maana kanisa lililojaa watu wenye hofu humfurahisha padre kuliko inavyopasa.

Tuseme wazi. Siku tatu za giza si fundisho la Kanisa. Ni utabiri unaohusishwa na Mwenye Heri Anna Maria Taigi, aliyefariki Roma mwaka 1837. Katekisimu (namba 67) inatufundisha kwamba ufunuo wa faragha si sehemu ya amana ya imani. Lakini hofu ya namna hii imekwisha kuua watu jirani nasi. Huko Kanungu, Uganda, viongozi wa kundi lililotoka miongoni mwa Wakatoliki, akiwamo padre msomi, walitangaza kwamba dunia ingekwisha mwishoni mwa mwaka 1999. Dunia haikuisha. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya wafuasi wao waliteketea kwa moto ndani ya nyumba yao ya sala. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Wengi wao walikuwa waumini waliojinyima chakula ili wakutane na Yesu.

Sasa tutazame maafa yasiyohitaji mtabiri. Tarehe 3 Desemba 2023, Dominika ya kwanza ya Majilio, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Injili ya Dominika hiyo (Mk 13:33-37) ilikuwa ile ya kukesha. Isomeni vizuri: bwana anaposafiri hawaachii watumishi wake tarehe ya kurudi, bali humwachia kila mmoja kazi yake, na bawabu anaamriwa aangalie mlango. Kwetu Usambara, mlango huo ni mteremko ulio nyuma ya nyumba.

Mtaniambia: "Padre, ajali ni mapenzi ya Mungu." Yesu mwenyewe alizungumzia jambo la namna hiyo kuhusu watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Lk 13:4), naye hakukubali kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Udongo nao haupimi dhambi. Hufuata maji, na maji hufuata njia tuliyoyaachia. Sisi tunaoijua barabara ya Mombo, jinsi inavyozibwa na maporomoko mvua zikizidi, hatuna udhuru.

Babu zetu waliyakataa matuta ya mkoloni katika miaka ya 1950 kwa sababu walilazimishwa. Leo hatulazimishwi na mtu, na bado tunalima hadi ukingoni mwa korongo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na huku milimani, ndugu zangu, ukuta wenyewe hutuangukia.

Kwa hiyo naziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zote, kabla ya mvua zijazo, zifanye haya: kuzibua mitaro, kupanda mabingobingo na miti kwenye kingo, kuandika majina ya wazee, wagonjwa na walemavu, na nani atamsaidia nani usiku, kufuata taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ukiona ardhi imepasuka, miti imeanza kuinama, au kijito kimegeuka tope ghafla, toka na watoto wako saa hiyo hiyo. Usisubiri kupambazuke. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji. Ulizeni yenu inakutana lini. Kengele ya kanisa itapigwa mfululizo kwa ajili ya kila mtu, Mkatoliki, Mlutheri na Mwislamu, kwa kuwa maporomoko hayaulizi dini.

Mishumaa ya yule mama niliibariki, kwa masharti: kwanza mtaro. Jumamosi nitakuwa kwake na jembe langu. Atakayependa kukesha nami, aje na lake.

Mungu awabariki.

Padre wenu